Kibuyu Chini ya Boneti

Waliokuwepo

Siku ile garini tulikuwa wanne. Mimi Aikande, dada mkubwa, nilishika usukani. Katikati alikaa mdogo wangu wa mwisho, Ndeshi, na mlangoni alikaa baba mdogo Ndelilio, mdogo wake marehemu baba, akiwa na koti lake la kanisani na fimbo. Nyuma, kwenye bodi ya pikapu, alikaa mdogo wangu Elinami, mwenye shughuli yenyewe, akiwa amekumbatia madebe mawili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kama mtu aliyepewa mapacha awashike. Njiani waliongezeka wengine: Bwana Balbir wa gereji Moshi, Mama Anasia wa Mwika, na mwisho kabisa Mzee Kavishe wa Mkuu, Rombo, na binti yake Prisila, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamfuata. Nawataja wote mapema ili asitokee mtu kati yenu, wenzangu wa soko la Kwa Sadala, akasema nimeongeza watu.

Mmeniuliza sana, na kila mmoja nimempa kipande chake, na sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa vibaya. Kuna anayesema tulimwaga mbege kwenye rejeta. Hatukumwaga. Kuna anayesema tulikamatwa kwa wizi. Hapo kuna ukweli kidogo.

Nyumba yetu mnaijua. Wazazi walitutoka mimi nikiwa darasa la sita, nikaacha shule nikabaki na wadogo zangu, migomba, ng'ombe mmoja na Pijo 404 ya baba. Elinami alipopata mchumba Rombo, Mzee Kavishe aliuliza swali moja tu: "Kwa hao yatima, nani anasimama?" Tukapanga siku ya kupeleka mbege ya kuomba mke. Mara ya kwanza gari lilichemsha kabla hata ya kuiona Himo, tukarudishwa kwa kuvutwa na trekta, na mbege ikachacha. Mzee akatuma neno kwamba atawakusanya wazee wake mara moja tena, Jumamosi, na kwamba jua likiegemea magharibi wazee hao huondoka kwenda kukatia ng'ombe majani. Hakusema itakuwaje tusipofika. Hakuwa na haja ya kusema.

Mtauliza kwa nini hatukupanda basi. Wengine niliwaambia makondakta hawapakii mbege inayoumuka, na ni kweli. Lakini sababu yangu mwenyewe ni kwamba gari lile ndicho kitu pekee cha baba kinachotembea. Nilitaka kiingie kwenye ule uwanja pamoja nasi.

Masama hadi Moshi

Kutoka kwetu hadi Moshi ni mteremko kisha tambarare, kwa hiyo gari lilijifanya zima. Lakini sikuwa na nia ya kudanganywa mara mbili. Nilipita moja kwa moja gereji kwa Bwana Balbir. Ni Singasinga mzee, amezaliwa pale pale Moshi, na Kichagga chake ni cha Old Moshi kabisa, kiasi kwamba Ndeshi, ambaye Kichagga chake kimejaa Kiswahili cha redio, humwogopa.

"Shikamoo, Bwana Balbir."

"Marahaba, Aika. Bado hujaliuza?"

"Sijaliuza."

"Watu wote siku hizi wananunua pikapu za Kijapani zinazotoka Dubai. Wewe kila mwaka unaniletea babu yangu."

Akafungua boneti. Mwaka uliopita fundi mmoja wa barabarani alikuwa ameng'oa ile chupa inayokaa kando ya rejeta, akasema ni urembo tu, na mahali pa mfuniko wa rejeta akakaza kifuniko cha kopo la maziwa juu ya kitambaa. Bwana Balbir alikivuta kile kitambaa kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Ni mfuniko," nikasema.

"Hii ni chupi ya mtu."

Baba mdogo akageuka akautazama mlima, ingawa ulikuwa umefunikwa na mawingu na hapakuwa na cha kutazama.

Bwana Balbir alifungua maji ya zamani yakatoka mazito kama uji wa ulezi. Alisukuma maji masafi mpaka yakatoka meupe. Kisha akaenda kupekua sanduku la vipuri vya magari yaliyokwisha kufa, akarudi na mfuniko wa chuma wenye springi na chupa ya plastiki yenye rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Alipokuwa akifunga alitueleza wote wanne, kwa sababu, alivyosema, gari hili halina dereva mmoja, lina ukoo.

"Maji yakipata moto yanakua. Yakikua yanataka chumba. Mfuniko huu unayabana yasichemke haraka, na yakizidi unayaachia yapite kwenye mpira huu mwembamba, yaingie kwenye chupa. Injini ikipoa, rejeta inayanyonya maji yale yale yarudi. Kwa hiyo ncha ya mpira lazima izame chini ya maji, la sivyo itanyonya upepo. Chupa ijae nusu tu. Na hapa kwenye kizibo cha chupa kuna tundu. Mnaliona? Hii ni pua yake."

"Tumeliona," akasema baba mdogo, aliyekuwa anaangalia jua.

"Na huko mnakopanda maji yanachemka upesi kuliko hapa. Waulizeni wanaopika maharage. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Anayetaka uso mpya aufungue."

Tungeondoka hapo, ila mke wake alikuwa amekwisha kuleta chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati zilizokunjwa, na kwa Bwana Balbir huwezi kuondoka chai ikiwa mezani. Baba mdogo alisema tunachelewa, kisha akala chapati kuliko sisi sote.

Moshi hadi Himo

Hapa sina la kulalamika. Mshale wa joto ulikaa katikati kama mzee wa kanisa. Upepo wa tambarare uliingia madirishani, mahindi yalikuwa yamefika kiunoni pande zote mbili, na Elinami huko nyuma alianza kuimba. Ndeshi alisema akiimba hivyo Rombo watamrudisha.

Himo tulisimama kula mtori. Baba mdogo alikunja uso baada ya kijiko cha kwanza.

"Huu mtori wa Vunjo ni maji ya kuoshea ndizi," akamwambia mama mwenye hoteli.

"Ndiyo maana unaona nyama, mzee," yule mama akamjibu. "Wa kwenu Hai ni mzito ili nyama isitafutwe."

Akasogeza bakuli, akaongezewa. Mimi nilibaki kulipa. Nilipotoka nilimkuta akishusha boneti kwa makini.

"Nimekukagulia maji," akasema.

Nikamshukuru. Kisha akapanda nyuma, akalegeza majani ya mgomba yaliyofunika madebe, na kumsomea Elinami somo. "Mbege ni kitu hai. Usiijaze mpaka juu, na usiikaze. Iachie nafasi, iachie pumzi. Ukiibana itakupasukia usoni, na hapo utakuwa umemwomba Mzee Kavishe binti yake kwa debe tupu."

Maneno hayo yakumbukeni.

Himo hadi Mwika

Hadi Marangu Mtoni barabara ni ya lami, na nilipanda kwa gia ya pili bila haraka. Mshale ulipanda kidogo. Nikasema ni mlima tu. Baada ya Marangu lami iliisha, na lori la mahindi likatupita mbio likatumwagia vumbi lote la pale Mamba. Tuliposimama kumwangalia, Elinami alikuwa amekuwa tofali. Macho tu ndiyo yalimtambulisha.

"Siwezi kufika hivi," akasema.

"Kwani Prisila anaolewa na shati?" Ndeshi akamuuliza.

Nilimruhusu anawe uso. Nilikwenda kando kukaza kamba ya madebe, na niliporudi alikuwa amenawa uso, shingo, viatu, na kwa maji yaliyobaki kwenye dumu alikuwa anaosha mlango wa gari, upande mmoja, ule ambao wakwe wangeuona kwanza. Lilikuwa dumu letu la akiba. Nilimwacha amalizie. Gari lilikuwa na mfuniko mpya na chupa mpya, na mimi nilikuwa na imani.

Kwenye kilima cha kuingilia Mwika mshale uliiacha katikati, ukaanza kulala upande wa pili. Nikatafuta mahali pa kusimama, na kabla sijapapata tulisikia mlio kama mtu amekanyaga papai. Mvuke ukatoka pande zote za boneti. Baba mdogo alishuka gari likiwa bado linatembea, kwa wepesi ambao hajauonyesha tangu ubatizo wa Ndeshi.

Ile chupa ilikuwa imepasuka kutoka shingoni hadi kitakoni. Kizibo chake kilikuwa bado kimekaza, na kwenye lile tundu, lile la pua, palikuwa pamechomekwa kipande cha ganda kavu la mgomba, kimechongwa vizuri kwa kisu.

"Baba mdogo," nikasema. "Hiki ni nini?"

"Kizibo. Pale Himo niliona chupa ina nusu, nikaijaza. Sasa maji yakawa yanatokea tunduni, yanapotea bure."

"Debe la mbege ungeliziba hivi?"

Aliliangalia debe. Akaiangalia chupa.

"Maji si mbege," akasema. Baada ya muda akaongeza, polepole, "Lakini yamefanya kama mbege."

Mwika

Mjue kwamba mpaka hapo jua lilikuwa limekwisha kupita utosi, na Mkuu bado ilikuwa mbali kwa barabara ile. Ilibidi tusubiri injini ipoe, tupate maji, na tupate kitu cha kushika maji yatakayozidi. Bila hicho rejeta ingetapika kila kilima, na vilima vya kwenda Rombo havihesabiki.

Maji tuliyasikia. Juu ya barabara, nyuma ya migomba, mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, ulikuwa unapita. Elinami akachukua dumu akapanda. Alikaa, kisha akarudi na dumu limejaa, anacheka.

"Ulikuwa na kina kidogo," akasema. "Nimeng'oa bonge moja la majani pembeni, yakajikusanya vizuri."

Kama ingekuwa kwetu Masama asingethubutu, kwa sababu anajua kila bonge la majani lina mwenyewe. Lakini mtu akiwa safarini huona maji ya wenzake ni ya Mungu tu. Hatujamaliza hata kumimina, akashuka mama mmoja na jembe begani, tope hadi magotini. Kichagga chake na chetu havikukutana vizuri, tukahamia Kiswahili.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nani amegeuza maji?"

Dumu lilijibu.

"Zamu yangu ni tangu asubuhi hadi jua liegemee," akasema. "Mara nasikia maji yamekatika. Nafuata, nakuta yanaingia kwenye shamba la jirani, ambaye hata hayahitaji, ameshamwagilia jana. Sasa yeye ameoga na maharage yangu yana kiu."

"Mama, gari limetuchemkia," Elinami akaanza.

"Gari nimeliona. Nauliza mdomo wako ulikuwa umechemka pia? Hukuweza kusema hodi?"

Huyo ndiye Mama Anasia. Baba mdogo alikohoa akajitokeza na fimbo yake. Alijua sheria ya mfongo kama sisi sote: anayechukua maji nje ya zamu huwapelekea watu wa mfongo mbege. Akasema kwa heshima kwamba, kwa bahati, mbege tunayo.

Mama Anasia akayatazama yale madebe, akaiona nguo mpya ya Ndeshi, akalitazama shati la Elinami lenye vumbi nusu.

"Mnakwenda kuomba mke."

"Ndiyo, mama. Mkuu."

"Basi hiyo haifunguliwi njiani. Mkwe akiona debe limepungua mtamwambia nini? Iacheni." Akalishusha jembe. "Mtalipa kwa hili. Siku ya kusafisha mfongo mtakuja, kila mmoja na jembe lake, mtafanya kazi mpaka jioni kama watu wa hapa. Mkubwa wenu ni nani?"

Wote walimtazama baba mdogo. Baba mdogo alinitazama mimi.

"Ni mimi," nikasema.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. "Marehemu aliponiachia shamba hili," akasema, "watu wa mfongo walisema mwanamke hawezi kusimamia zamu. Unaniona. Basi nitakuita wewe, na wewe utawaleta hawa."

"Nitawaleta."

Hapo ndipo alipoinama akatazama chini ya boneti. Aliuliza ile chupa iliyopasuka ilikuwa na kazi gani. Nilimweleza kama nilivyoelezwa: maji yanakua, yanataka chumba, yakipoa yanarudi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yanaazimwa tu," akasema.

"Yanaazimwa."

Akapanda kwake, akashuka na kibuyu cha shingo nyembamba, cheusi kwa moshi wa jikoni. Tukakifunga kando ya rejeta kwa kamba ya mgomba, tukatia maji nusu, tukazamisha mpira hadi chini, na mdomo tukauacha wazi. Baba mdogo alisimama mbele yake na fimbo, kama askari wa benki, mtu asije akaziba. Mama Anasia naye akarudi kuyageuza maji yake, na Elinami akamfuata kulirudisha lile bonge la majani mahali pake. Alirudi na tope jipya. Ndeshi alimwambia sasa anafanana na mtu wa kazi, pengine watampa mke kwa hilo.

Mkuu

Tulipanda kama mtu anayebeba mayai. Kila kilima kibuyu kiligugumia, kila mteremko kikanyamaza. Mshale ulikwenda ukarudi, lakini haukulala tena. Kwa upande wangu nilikuwa naangalia vivuli vya migomba, vinavyozidi kurefuka barabarani.

Tuliingia uwanjani kwa Mzee Kavishe wakati wazee wake wamekwisha kusimama. Mmoja alikuwa na mundu mkononi na kamba ya majani begani. Walitazama Pijo ikiingia, upande mmoja unang'aa, upande mwingine vumbi, maji yakidondoka mbele kama pua ya mtoto. Nilizima injini. Kibuyu kikagugumia mara ya mwisho, katikati ya ukimya wote ule.

Tuliamkia. Mzee Kavishe aliitikia bila kutabasamu, kisha akauliza lile swali lake.

"Nani anasimama kwa ajili ya nyumba hii?"

Tulikuwa tumepanga kwamba baba mdogo ndiye atakayesema. Maneno alikuwa nayo tangu mwezi uliopita, alikuwa anayajaribu kwa ng'ombe. Akasogea mbele, akasafisha koo, akageuka kuliangalia gari. Kisha akasema:

"Wazee wangu, mimi ni mdogo wa marehemu, na ni haki niseme mimi. Lakini leo mimi nimeziba chupa. Aliyewalea hawa, na aliyetufikisha hapa, ni huyu. Asimame yeye."

Wale wazee hawakuelewa habari ya chupa, na Mzee Kavishe hakupenda kitu asichokielewa. Akaja hadi kwenye gari. "Fungua," akaniambia. Nikafungua boneti, naye akakitazama kibuyu kwa muda mrefu.

"Hiki ni cha huku kwetu, mashariki. Masama hamna vibuyu vya shingo hii. Mmekitoa wapi?"

Ningeweza kusema tumenunua. Nilimweleza yote, tangu Himo: ganda la mgomba, dumu, bonge la majani, Mama Anasia na jembe lake. Nyuma yangu nilimsikia Elinami akivuta pumzi. Habari ya kijana kuiba maji si habari unayoipeleka kwa baba wa mchumba wake. Kule Rombo mfongo ukiwafikia umebaki kama kamba ya kiatu, na watu wake hawatanii na maji.

"Mmelipa?" akauliza.

"Hatujalipa. Tunadaiwa siku ya kusafisha mfongo, kila mmoja na jembe lake."

"Utawaleta?"

"Nimesema nitawaleta."

Akamgeukia yule mwenye mundu. "Kaa chini. Ng'ombe wako hatakufa."

Debe la kwanza likashushwa. Mzee Kavishe akapewa kata, akaonja, akatikisa kichwa kidogo, akanywa. Mlio wa mtu akimeza sijawahi kuusikiliza kwa makini vile. Akapitisha kata kwa anayefuata, akasema, "Mbege imefika nzima. Anayesimama nimemwona. Binti yangu mtampata. Ila siku ya harusi sitaitaja leo. Mkimaliza deni la maji ya watu, njooni tuitaje."

Prisila alikuwa mlangoni. Alimtazama Elinami, uso msafi, shingo nusu, tope miguuni, akaziba mdomo kwa kanga. Tukaletewa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, na maziwa mgando, na baba mdogo akasema ndizi za Rombo zina ladha. Ni mara yake ya kwanza kusifia chakula cha nje ya Hai.

Kurudi

Tulilala huko, na Jumapili, watu walipotoka misa, tukateremka. Mwika nilisimama kumrudishia Mama Anasia kibuyu chake. Nilikuwa tayari hata kuanza kazi pale pale, nguo za Jumapili na yote.

"Leo ni Jumapili," akasema. "Na mfongo hausafishwi na mtu mmoja mwenye haraka. Tunaingia wote, kabla ya mvua za masika. Nitatuma neno kwa wale akina mama wanaoleta mahindi huko kwenu."

"Na kibuyu?"

"Kibuyu ni cha siku hiyo. Mje nacho."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Mafundi wengine wameniambia niweke chupa ya plastiki, maduka ya mjini yamejaa. Bado sijaweka. Nikirudi kutoka sokoni jioni kibuyu huwa kimejaa karibu na shingo. Asubuhi nikifungua boneti nakikuta nusu, maji yaliyozidi yamekwisha kurudi kwenye rejeta kimya kimya, hakuna aliyeyadai.

Akitokea mama yeyote wa Mwika hapo Kwa Sadala akaniulizia, msimwambie nimekwenda kujisaidia asubiri. Nikimbilieni popote nilipo. Majembe manne yako nyuma ya gari, yamefungwa kamba. Elinami ameyanoa mara mbili.